Kreatini si haramu, lakini ile ya kijiko ni ya nani?

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaa wetu hapa Meru alinitumia picha kwa WhatsApp. Ni kimfuko cha zipu, unga mweupe ndani, bila hata herufi moja juu yake. Chini ameandika: "Bro, hii ndiyo kreatini? Wanauza mia tatu."

Dogo ni mtimkaji wa mita 200. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, hana kazi, na ana kasi ya kweli, si ile ya kujisifu TikTok. Anaota kuchukuliwa na timu ya polisi au ya jeshi kwa sababu anajua huko mbio ni mshahara. Kwa hivyo swali lake si la mzaha.

Ningekuwa na busara ningemjibu "wachana nayo" nikalala. Shida ni kwamba mimi pia nimewahi kula unga wa aina hiyo. Mwaka niliotoka chuo (karo iligonga mwamba, hiyo ni stori ya siku nyingine) nilikuwa na nguvu nyingi na kazi kidogo, nikaanza kupiga chuma katika jimu moja Makutano. Jamaa wa kaunta alikuwa anapima kreatini kwa kijiko, vile mama mboga anapima ndengu. Nilikula karibu mwezi mzima. Wiki ya tatu usingizi ukanihama, moyo unadunda usiku kama spika ya matatu. Kreatini haifanyi hivyo kwa mtu. Chochote kilichokuwa ndani ya kile kijiko, jina lake halikuwa kreatini pekee.

Sasa, kreatini yenyewe haina kesi. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliipata kwenye nyama mwaka 1832. Mwili wako unaitengeneza, kama gramu moja kwa siku, kutoka kwa asidi amino. Kazi yake ni hivi: ukichomoka mbio kwa nguvu zote, misuli inachoma nishati iitwayo ATP na akiba inakwisha ndani ya sekunde chache. Kreatini iliyohifadhiwa kwenye misuli inaijaza tena chapchap. Ni kama Okoa Jahazi: salio limeisha katikati ya simu, unakopeshwa kidogo umalizie sentensi.

Ndiyo maana inamfaa mtu wa mita 100 na 200, mchezaji wa raga, mrusha tufe, na wewe unayepiga chuma. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Ni moja kati ya virutubisho vilivyochunguzwa sana duniani, na kwa mtu mzima mwenye figo nzima, kipimo hicho hakijaonyesha madhara makubwa. Ila ukienda kupimwa damu mwambie daktari unaitumia, kwa sababu inaweza kupandisha kreatinini, kile kipimo cha figo, na ukatishwa bure. Kama figo zako tayari zina shida, usianze bila kumuuliza.

Ukiwa mtu wa mbio ndefu, hesabu inabadilika. Kreatini huvuta maji kwenye misuli na unaweza kuongeza kilo moja au mbili. Sasa ziwazie hizo kilo mbili Kigari. Ukipanda kutoka Embu mjini kuelekea Mlima Kenya utakuta kile chuo cha walimu ambako timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi miaka nenda miaka rudi. Wanaume wa Kenya walitwaa taji la timu la dunia mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. Ile milima ya Kigari haikuwa ya kubebeshwa maji ya ziada. Na chakula? Utafiti uliochapishwa 2004, uliowafuata wanariadha 10 wa mbio ndefu wa Kenya, ulikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwa wanga, ugali na chai ya sukari zikiwa mstari wa mbele. Protini ilikuwa kama asilimia 10 tu.

Hapo tunafika kwa mkebe wa pili, ule wa asidi amino, na kwa huu nitakuwa mkali kidogo. Zile tatu wanazokuuzia kwa rangi ya tunda, leusini, isoleusini na valini, haziwezi kujenga misuli peke yake. Mwili unahitaji tisa kutoka kwa chakula, zote. Ukileta tatu ni kama fundi aliyeletewa misumari bila mbao. Zote tisa unazo kwa sufuria ya githeri. Mahindi yamepungukiwa na laisini, maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe yamepungukiwa na methionini, mahindi yanaziba. Nyanya zetu hawakusoma kemia na bado walichanganya vizuri. Ongeza mayai mawili na maziwa, au ndengu za Mbeere, na ule mkebe wa rangi unabaki kuwa sharubati ya bei ghali.

Lakini, na hili ndilo lilinishangaza nilipoanza kusoma, githeri haina kreatini. Iko kwenye nyama na samaki, na ili upate gramu 5 unahitaji kama kilo nzima ya nyama ya ng'ombe. Nani anakula kilo kwa siku? Watu wanaokula nyama kidogo huwa na akiba ndogo kwenye misuli, na ndio mara nyingi huona tofauti kubwa wakianza kuitumia. Yaani dogo wangu, mtoto wa githeri, ndiye haswa anayeweza kufaidika. Hajakosea kuitaka.

Alikokosea ni kwenye kimfuko.

Maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Vilivyopatikana na homoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo vilikuwa 94, karibu 15 kwa kila 100. Hiyo ni mikebe yenye lebo, imefungwa kiwandani. Sasa chukua mkebe kama huo, ufungue, uupime kwa kijiko kilichotoka kwa mkebe mwingine, utie kwa zipu. Uchumi wetu wa kadogo umetusaidia kwa mafuta ya kupikia na sabuni, lakini hapa umetupora kitu kimoja cha maana: lebo. Hakuna nambari ya toleo, hakuna tarehe, hakuna stika ya KEBS ya kukagua kwa simu. Ukipatikana na pufya, utaonyesha nini?

Na sheria ya pufya haina huruma. Kilicho kwenye mkojo wako ni chako, hata kama kiliingia kwa kijiko cha mtu mwingine. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3 kwa dawa ya kupunguza maji mwilini. Alisema alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Maelezo hayo hayakumwokoa, na yeye ana mawakili. Dogo ana simu iliyopasuka kioo.

Serikali iliahidi mwishoni mwa 2022 kutoa dola milioni 25 kwa miaka mitano kupigana na pufya, baada ya Kenya kuponea chupuchupu kufungiwa. Sawa kabisa. Lakini ukiangalia kutoka huku mtaani, anayekimbizwa na chupa ya mkojo ni mwanariadha. Mwenye kijiko anafungua jimu saa 11 asubuhi kama kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa upande huu tunajifanya hatulioni. Kreatini haiko kwenye orodha ya WADA. Kilicho kwenye orodha ni kile kilicho shavuni mwako. Miraa ya Igembe na muguka wa Embu vina kathinoni, ambayo imepigwa marufuku wakati wa mashindano, na kathini, ambayo ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo umekwisha. "Wakati wa mashindano" inaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Yaani ule usiku ambao wasee wanakaa kwa base kukutuliza mawazo. Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga muguka marufuku na kesi ikafika mahakama ya Embu, tulibishana kuhusu biashara na vijana wa Pwani. Mimi sikusikia mtu akimtaja mwanariadha wa Siakago au Maua.

Basi nilimjibu dogo. Nikamwambia hiyo mia tatu ni mayai kama 20. Akajibu haraka: "Mayai hayana kreatini, si wewe ndio umesema?" Ako sawa. Nikamwandikia tena: kama lazima, tafuta mkebe uliofungwa, wenye muhuri wa Informed Sport au NSF unaoonyesha umepimwa pufya, upige picha nambari ya toleo, uweke mkebe hata ukiisha. Hata huo si bima kamili. Na kabla ya chochote, uliza ADAK.

Mkebe wa aina hiyo ni maelfu. Yeye ana mia tatu. Majaribio yao ni wiki ijayo, na tangu jana naona tiki mbili za bluu tu.