Creon Alianza na Maiti

Naandika hii nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Jirani yangu hapa Kiseke ana binti yuko kidato cha sita, anachukua HKL. Kwenye tamthiliya wanazosoma ipo Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein. Wakapewa insha: jadili mgogoro mkuu wa tamthiliya hiyo na uhusiano wake na jamii ya leo. Binti akaandika kurasa nne. Zikarudi na wino mwekundu: "Umetoka nje ya swali. Hatuhitaji habari za kwenu." Alama 8 kwa 20.

Nimezisoma kurasa zile mara mbili. Swali limeuliza jamii ya leo. Sasa jamii ya leo ni ipi, kama siyo ile inayopita mlangoni kwake?

Aliandika kwamba baba yake alipofariki, mtaa mzima ulikuja. Turubai, viti vya kukodi, daftari la michango, jeneza zuri, basi la kupeleka msiba kijijini. Anasema hajawahi kuona watu wakipendana vile. Matanga yalipoanuliwa tu, kikao cha ukoo kikakaa. Baba mdogo akauliza funguo za pikipiki ziko wapi, na karatasi za kiwanja ziko wapi. Mama yake, aliyebeba maji ya kujengea nyumba ile akiwa na mimba ya huyu huyu binti, akaambiwa asubiri nje. Ipo sentensi moja haijanitoka kichwani: "Siku ile nilijua walikuja kumzika baba, hawakuja kwa ajili yetu."

Hiyo ndiyo "habari ya kwenu" isiyohitajika.

Jamani, Hussein mwenyewe alianzia wapi? Tamthiliya yake ya 1988 imetokana na habari za kwao watu. Desemba 1986 alifariki S. M. Otieno, wakili wa Nairobi. Mjane wake na ukoo wa marehemu, Wajaluo, wakavutana mahakamani kwa miezi mitano, nani ana haki ya kumzika na wapi. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, upande wa pili wa ziwa letu hili hili. Mwandishi akichukua msiba wa jirani akaufanya tamthiliya, tunamwita nguli. Mwanafunzi akiirudisha tamthiliya ile kwenye msiba wa kwao, tunamwambia katoka nje ya swali.

Nikampa nakala yangu ya Antigone, nilibaki nayo tangu chuo. Aliirudisha baada ya siku mbili na swali moja: "Dada, huyu Creon mbona anaanza na maiti?"

Kwa ambaye hajaisoma: mfalme Creon anakataza Polynices asizikwe, kwa kuwa alileta jeshi kuushambulia mji wake mwenyewe. Antigone, dada wa marehemu, anamzika. Creon anaamuru afungiwe pangoni akiwa hai. Mwaguzi Tiresias anamwonya, mfalme anaingiwa na hofu, na wazee wanamshauri: nenda kamtoe binti pangoni, na umjengee marehemu kaburi. Creon anakubali. Anatoka mbio na watu wake, lakini anaanza na maiti. Wanauosha mwili, wanauchoma, wanainua tuta la udongo. Ndipo wanakwenda pangoni. Binti keshajinyonga. Mchumba wake Haemon, mtoto wa Creon, anajiua pale pale. Mama mtu, Eurydice, anapata habari nyumbani, naye anajiua.

Mimi nilifundishwa mchezo huu chuo kikuu. Niliandika kuhusu kasoro ya mhusika mkuu, nikataja kiburi, nikapata alama nzuri, nikaenda zangu. Ule mpangilio wa mwisho, kwamba aliyekufa alihudumiwa kwanza na aliye hai akasubiri, sikuuona. Binti wa Kiseke ameuona siku mbili tu, kwa sababu alishauona uani kwao.

Najua mtakachosema. Mtihani ni mtihani, na msahihishaji hana muda wa machozi. Sawa. Basi afundishwe kupanga hoja, kutaja onesho, kurudi kwenye matini. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na ni kazi ngumu kwa darasa lililojaa. Ila kumwambia aufute msiba wa kwao ni kumnyang'anya kitu pekee anachokijua kuliko mwongozo wa kukariri unaouzwa stendi.

Wengine mtasema huo ni usomaji wa kulia, siyo uchambuzi. Hapo mnamwonea. Kwenye ukurasa wa tatu amemtetea baba mdogo. Ameandika kwamba yule mzee aliogopa kiwanja kisiuzwe kwa mtu baki, bibi akakosa pa kulala akija mjini. Creon naye ana hoja yake: mji umetoka vitani, na msaliti akizikwa kama shujaa, nani ataheshimu amri kesho? Tanzia siyo mwema dhidi ya mbaya. Mtoto wa miaka 18 anayeweza kuona hofu ya mtu aliyemtoa mama yake nje ameelewa tanzia kuliko anayekariri tafsiri yake.

Na tusiambiane kwamba Wagiriki hawatuhusu. Samuel Mushi alishatupa Mfalme Edipode kwa Kiswahili zaidi ya nusu karne iliyopita. Halafu hebu tuangalie mahakamani. Kanuni za mila za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walizipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kufungua sanduku la Pandora, maana mila za makabila mengine nazo zingefuata. Pandora! Mgiriki ameruhusiwa kuingia mahakamani kumfungia mjane mlango, ila darasani kumfungulia binti yake hatakiwi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kosa la kiufundi kwenye makaratasi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema wajane wale walikiukiwa haki zao.

Na isisemwe kwamba majaji hawana la kufanya mbele ya mila. Hapa hapa Mwanza, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanaume, kwa sababu Katiba imekataza ubaguzi. Sanduku lilifunguliwa, na mji haukuungua.

Lugha yetu ilishajua haya kabla ya mtaala. Tanzia ni mchezo wa kuigiza, na tanzia ni ule ujumbe wa herufi kubwa unaoingia kwenye grupu la mtaa alfajiri, jina la marehemu na namba ya kutuma rambirambi. Neno ni moja. Sisi wasomi ndio tumeligawa, tukabaki na la kwenye vitabu na kuwaachia wengine la mtaani.

Kwa hiyo mwalimu, naomba urudie kuzisoma kurasa zile nne. Na sisi wapenda vitabu, tutakapochangia msiba mwingine hapa Kiseke, tuulize pia mjane atalala wapi turubai likishaondolewa.

Binti anafanya mtihani wa taifa Mei. Shauri la mirathi liko mahakama ya mwanzo, limeahirishwa tena. Aliniomba nisitaje jina lake wala shule yake, na nimetii. Hakuniomba ninyamaze.