Nairobi kwa Mwendo wa Bibi

Likizo ya Agosti inabisha hodi, na wiki hii nimeulizwa na akina mama watatu swali moja: tukiwapeleka watoto Nairobi, twende wapi? Kabla ya kuwajibu, nami huwauliza: mwaenda na nani? Safari ya aila haipangwi kwa kuutazama mji. Hupangwa kwa kumtazama aliye mnyonge zaidi wa kutembea miongoni mwenu.

Hayo sikuyajua mwaka juzi. Tulikuwa saba: mimi, mume wangu, watoto wanne na mavyaa wangu, ambaye amepita miaka sabini na mitano na ana maumivu ya magoti ya siku nyingi. Niliandika orodha ya mahali kumi na moja kwa siku nne, nikaiona nzuri. Tulichokiona kwa hakika ni msongamano wa magari. Asubuhi tuko Lang'ata, mchana twaukata mji kwenda msitu wa Karura, jioni twateremka Eastleigh, na kila tulipofika mimi nilikuwa nikitazama saa. Mavyaa alikuwa ameomba jambo moja tu tangu tukiwa nyumbani: apelekwe Pumwani, katika Majengo, ambako marehemu baba yake, mfanyakazi wa reli, alipanga chumba kabla ya uhuru, naye akakaa nako mwaka mmoja wa utoto wake. Ombi hilo nililiweka siku ya mwisho, alasiri, tukipata nafasi. Hatukuipata. Tukirudi alinyamaza garini hadi Voi, kisha akasema, "Si kitu, mwanangu. Paa la gari nimeliona vizuri."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu wa umri wake hapangi safari za mwaka kesho kama sisi.

Basi mwaka jana tulirudi, na orodha ile niliichana. Safari hii nilishika kanuni moja: siku moja, upande mmoja wa mji. Asubuhi jambo moja kubwa, adhuhuri swala na chakula, baada ya alasiri jambo dogo lililo karibu au kupumzika. Nairobi haichoshi kwa ukubwa wake; huchosha kwa kuvukwa. Anayetoka Lang'ata kwenda Eastleigh saa kumi na moja jioni na watoto wenye njaa amejitafutia mwenyewe.

Niseme machache kuhusu njia. Tulipanda SGR ya asubuhi, kwani ya alasiri hukuingiza Nairobi usiku. Fikeni Miritini mapema, saa nzima kabla ya kuondoka au zaidi, kwa sababu ya ukaguzi: mizigo hupangwa chini kwa mstari ikanuswa na mbwa wa polisi, kisha ikapitishwa mitamboni. Kitinda mimba wangu anaogopa mbwa, nasi tulimweleza usiku uliotangulia, akavumilia. Kule kituo ni Syokimau, kama kilomita ishirini nje ya mji, kwa hiyo jueni nani atawapokea. Sisi tulifikia kwa jamaa South C, mtaa ulio kando ya Barabara ya Mombasa, tukawa tumeingia ndani kabla ya jioni kuharibika. Chukueni vitambulisho, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana mbugani raia hulipa bei yake na asiye raia bei nyingine, na malipo ya huko hufanywa kwa mtandao, si kwa noti mkononi. Masweta msiyasahau. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na baridi ya Agosti kule haina huruma na mtu wa pwani. Mzee pia hupungukiwa pumzi siku ya kwanza akipanda ngazi. Na ratiba yenu ya swala ya Mombasa iacheni ukutani. Jua la Nairobi huchwa kama dakika kumi na kitu baada ya la kwetu.

Pumwani niliipa asubuhi ya kwanza, magoti yakiwa bado hayajalalamika.

Wengi wetu hatuwaambii watoto kwamba Nairobi ya mwanzo ilikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa. Reli ilianza kujengwa kwetu mwaka 1896, ikafika pale penye maji baridi mwaka 1899, na kambi yake ikawa mji. Walioifuata reli, wapagazi, wapishi, askari na wachuuzi, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili, wakajijengea vijiji: Pangani, Maskini, Kaburini, na hicho cha Mombasa. Serikali ya kikoloni haikuvitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 vilipimwa viwanja Pumwani, watu wakahamishiwa huko. Pangani yenyewe ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Niliwasimulia watoto hayo usiku wa kuamkia siku hiyo, na yule mkubwa, ambaye hudhani Nairobi ni mji wa wenyewe na sisi ni wageni tu, aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia.

Tulikwenda na mwenyeji, na hilo nawausia. Huko si makumbusho, ni majumbani kwa watu. Simu za kupiga picha tuliziacha mkobani. Nyumba yenyewe hatukuipata. Mahali ambapo mavyaa alidhani ipo pamesimama ghorofa. Alikaa kwenye benchi nje ya duka, karibu na msikiti wa Riyadha, akapumua. Mzee mmoja aliyevaa kofia alisimama kumwamkia. Mavyaa akamwuliza, "Hapa hapakuwa na bomba la maji, wanawake wakipanga madebe?" Yule mzee akacheka. "Bomba lilikuwa kule penye kinyozi. Nawe ni wa nani?" Alipotaja jina la baba yake, mzee hakulijua, ila alilijua jina la jirani. Basi wakalishika hilo hilo, wakazungumza nusu saa nzima, nami kwa mara ya kwanza katika safari zangu zote sikuitazama saa. Watoto walikula viazi vya karai na kusikiliza. Tulitoka pale tukapita soko la Kariokor, ambalo jina lake ni matamshi ya Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, tukanunua vyondo viwili na viatu vya ngozi, tukarudi nyumbani kulala. Siku ikaishia hapo. Mwaka juzi ningeiita nusu siku.

Siku ya pili ilikuwa ya katikati ya mji. Makumbusho ya Taifa yafikieni yanapofunguliwa, kabla ya mabasi ya wanafunzi. Watoto wangu hawakutaka kutoka kwa Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu, ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake imesimama uani kwa ukubwa wake halisi, na kwamba ndovu aliitwa Ahmed ni kichekesho ambacho mwanangu mwenye jina hilo bado hakijamwisha. Nyoka wako jengo la pembeni. Mimi niliwangojea nje. Adhuhuri tuliswali Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933. Wanawake wana sehemu yao, na mtoto akihitaji msala yu mahali salama, jambo ambalo katikati ya mji ule si dogo. Ijumaa msiende mkiwa na watoto wadogo isipokuwa mmefika mapema sana, kwani watu hufurika hadi barabarani. Hatua chache kutoka hapo ipo maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Tulisimama, tukawaambia watoto kwamba Mwafrika enzi za ukoloni hakuruhusiwa kuingia humo, tukaendelea.

Makumbusho ya Reli, nyuma ya kituo cha zamani, watu wengi huyapita. Hilo ni kosa. Lipo behewa nambari 12, ambalo ndani yake mwaka 1900, katika kituo cha Kima, ofisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alikuwa akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamtoa nje. Watoto waliganda. Mavyaa alivutiwa zaidi na taa za mkono za wafanyakazi. Alisema baba yake alikuwa na moja kama ile, na akasimama mbele yake muda mrefu kuliko alivyosimama Pumwani.

Lang'ata ina siku yake, nayo ni rahisi. Kituo cha Sheldrick cha watoto wa ndovu hufunguliwa kwa wageni saa moja tu, saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi huwekwa kabla. Jihadharini: karibu muda wote ni kusimama nyuma ya kamba. Tulimbebea mavyaa kigoda cha kukunja. Ndovu hao wakikua hupelekwa Tsavo, ndiko mnakopita na garimoshi. Mchana mkawalishe twiga katika Giraffe Centre, kisha mrudi nyumbani. Mbuga ya Nairobi, ya mwaka 1946, yataka gari na alfajiri. Wenye watoto wadogo watatosheka na Safari Walk langoni pake, ambayo njia yake ni ya mbao.

Eastleigh iacheni siku ya mwisho, na nawaomba msinibishie. Islii ikitangulia, hakitafuata kitu kingine, wala hakitabaki kitu mfukoni. Mwaka juzi maabaya na mazulia yalitula siku mbili. Safari hii tuliingia baada ya alasiri na kutoka Maghribi, kila mtu na kiasi chake mkononi, na mavyaa tulimkalisha mkahawani na chai ya maziwa ya ngamia, akiwa na mume wangu, ambaye hakuomba aokolewe.

Kurudi, mavyaa alidai kiti cha dirishani. Tulipoingia Tsavo yeye na Ahmed wetu walianza kuhesabu ndovu. Ahmed alipata kumi na tisa. Bibi yake anashikilia kuwa walikuwa ishirini na mmoja, na hadi leo hajakubali kushindwa.