Namba tasa kubwa inatuhusu nini Katavi?

Oktoba 2024 Luke Durant wa Marekani aligundua namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi hapo. Namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, kama 7 au 13.

Hiyo kubwa haina kazi sokoni. Ila tasa ndogo zaidi, zenye mamia ya tarakimu, hulinda tovuti nyingi, zikiwemo za benki. Kuzidisha 89 kwa 97 ni rahisi: 8,633. Ukipewa 8,633 utafute zilizoizaa, utahangaika. Zikiwa ndefu sana, hata kompyuta hushindwa.

Ndiyo maana tapeli hahangaiki na kufuli hilo. Anakupigia simu akuombe namba ya siri. Msikilizaji wa Mpanda, Mlele hadi Tanganyika, usimtajie. Ukishaitaja, hakuna hesabu itakayokulinda.