Usiusikilize Moyo Wako

Ukifungua simu siku hizi hukosi mhamasishaji anayekwambia ukae peke yako, ufumbe macho, uusikilize moyo wako, eti huko ndiko yanakozaliwa maamuzi bora. Jamani! Moyo huohuo ndio uliokuingiza kwenye shida, leo tena uwe hakimu?

Mchukue mkulima wa mpunga hapa Igawa. Wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, anauza karibu magunia yote. Ikifika mwezi wa kwanza au wa pili yuko dukani ananunua mchele kilo kwa kilo kwa bei iliyopanda. Mwakani hivyohivyo. Uulize moyo wake, utajibu upesi: "Nilikuwa na shida." Na kweli alikuwa nayo. Ila ipi? Ada ya mtoto, deni la mbolea, au simu mpya na kreti mbili za bia wiki ile fedha zilipoingia? Moyo unazitia zote kwenye gunia moja na kulishona.

Daftari halishoni kitu. Andika tarehe uliyouza, bei, fedha zilikwenda wapi, na nani alikuonya kabla hujauza. Kisha, na hapa ndipo wengi mnapokimbia, mpe mkeo alisome kwa sauti. Au mumeo, maana ubishi hauna jinsia. Nyani haoni kundule hata akitafakari mpaka asubuhi.

Mwaka 1962, alipokuwa ameuacha uwaziri mkuu ili akijenge chama, Mwalimu Nyerere aliwaandikia wana-TANU kijitabu akakiita Tujisahihishe. Litazameni jina hilo: si Nijisahihishe. Alikerwa na tabia ya kulipima neno kwa sura ya aliyelisema badala ya kuuliza kama ni kweli. Mwaka 1977, akiwa bado Rais, akatoa Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, akataja yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana, watu wote wasome. Unaweza kuipinga siasa yake (mimi mwenyewe nina maswali yangu kuhusu vijiji vile), lakini hiyo ndiyo tafakari, bwana, siyo kufumba macho.

Atatokea wa kuniuliza: na lumbesa je? Nayo ni kosa la fikra za mkulima? Hapana, na ndiyo maana wahamasishaji hawa wananiudhi: wanamfundisha aliyepunjwa kujilaumu. Lumbesa imekatazwa na sheria, na bado gunia linaongezwa kilemba mchana kweupe. Basi daftari liandike pia madebe mangapi yaliingia kwenye kila gunia. Hapo itaonekana kipi aliamua mwenyewe na kipi aliibiwa. Cha kwanza akakizungumze nyumbani na mkewe. Cha pili akisimamie kwenye mkutano wa kijiji, daftari mkononi, na mwenyekiti asimkatishe.