HESABU KABLA YA RISASI

Yapo mawazo yaliyoenea kwamba mwindaji wa peke yake hutegemea ujasiri na shabaha. Mawazo hayo ni pungufu. Nchini Marekani, Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi husimamia hekta milioni 99 hivi za ardhi ya umma, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi. Na katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu mwenye leseni aweza kuwinda. Huko, mwindaji asiye na mwenzi huokolewa au huangamizwa na hesabu aliyoifanya nyumbani.

Elki dume, mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi, aweza kutoa kilo 90 hivi za nyama isiyo na mifupa. Mtu akibeba kilo 30 kwa safari, atahitaji safari 3. Mnyama akianguka kilomita 5 kutoka kambini, mwindaji atatembea kilomita 15 na mzigo, na kilomita 10 mikono mitupu. Kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa akiwa na mzigo, na 3 akiwa hana, kazi hiyo itachukua karibu saa 11 bila mapumziko. Umbali ukiwa kilomita 8, zitapita saa 17.

Nyama nayo haingoji. Umbo likiongezwa urefu, upana na kimo mara 2, eneo lake la nje huwa mara 4, bali ujazo wake huwa mara 8. Kwa hiyo kila kilo ya mnyama mkubwa ina ngozi kidogo ya kutolea joto, na manyoya huzidi kulizuia. Katika nyama yenye joto, bakteria waweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20 tu. Ndiyo sababu mnyama hapana budi achunwe mara moja, na nyama itundikwe kivulini. Katika majimbo kadhaa, kuiacha nyama inayolika ioze porini ni kosa kisheria.

Wako watakaosema kwamba kupotea njia ndiyo kujua njia. Methali hiyo yafaa penye watu wa kuulizwa. Mlimani, aliyelowa mvua na kupigwa na upepo aweza kupoteza joto la mwili hata akafa, ijapokuwa maji hayajaganda. Vyombo vya siku hizi vya kuita msaada kwa satelaiti vyafaa kuchukuliwa, lakini havibebi mzigo wala havifupishi usiku.

Basi mwindaji na achore mpaka juu ya ramani kabla ya kuondoka: kupita hapo, hata mnyama akisimama wazi, bunduki isilie. Aache nyumbani maandishi ya njia yake na siku ya kurejea. Kujizuia huko si woga, bali ni kumheshimu mnyama na uhai wake mwenyewe.

Shuleni, kanuni ya eneo na ujazo aghalabu hufundishwa kwa mchemraba wa ubaoni, kisha husahauliwa baada ya mtihani. Yafaa wanafunzi waione pia mahali ambapo kuikosea ni hasara isiyoweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.