Jana Komedi, Leo Kofi: Dogo Kakosea Nini?
Dogo wa Elerai, miaka minne, kamtukana mgeni. Mama staa kacheka, karekodi, kaposti. Laiki kibao! Jumapili dogo karudia tusi lile lile mbele ya bibi yake, kala kofi. Sasa jamani, kakosea nini? Nani alimwambia kuwa ni kosa?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, haikubali adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi lengo lake. Huyu ataelewaje? Aambiwe mapema, kwa maneno mepesi: wakubwa shikamoo, matusi hapana, hata kamera ikiwaka. Na baba, chalii wa Chuga, akirudi usiku na simu mkononi asimwambie, “Hebu rudia lile.”