Oktani Kubwa si Nguvu Kubwa

Kama una gari, au unaendesha gari la mwingine, huenda umewahi kuisikia injini ikigonga ilipolemewa mlimani: sauti kavu, kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Wapo wanaoipuuza sauti hiyo maadamu gari linakwenda. Wapo pia ambao, kwa hofu, hununua petroli ya bei ya juu kila wafikapo kituoni. Wote huweza kupoteza fedha za nyumbani: wa kwanza kwa fundi, wa pili kwa muuza mafuta.

Tuanze na injini yenyewe. Pistoni ishukapo ndani ya silinda, huingiza hewa na petroli. Ipandapo, huushindilia mchanganyiko huo katika nafasi ndogo sana. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na nguvu yake huisukuma pistoni chini. Moto huo hauna budi kuanzia kwenye plagi na kuenea kwa utaratibu, kama moto wa shambani usogeao kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Joto hilo likizidi, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto wa plagi haujaifikia hulipuka yenyewe kwa ghafla. Huko ndiko kugonga. Kukiendelea, huweza kuvunja ringi, kuunguza gasketi na hata kuitoboa pistoni.

Basi oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kushindiliwa bila kulipuka yenyewe. Kipimo hiki kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1920. Isooktani, isiyolipuka upesi, ilipewa 100. Heptani, ilipukayo upesi, ikapewa sifuri. Petroli ya oktani 95 hustahimili sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani.

Injini nyingi za zamani zilishindilia mchanganyiko mara 8 hivi. Nyingi za siku hizi hufikia mara 10 hadi 12, kwa sababu injini ishindiliayo zaidi hupata kazi kubwa zaidi kutokana na lita ile ile. Nyingine zina taboji, inayosukumia hewa zaidi ndani ya silinda. Injini za namna hiyo ndizo mara nyingi hudai oktani kubwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Oktani kubwa haina maana ya nguvu kubwa ndani ya petroli. Injini iliyoundwa kwa oktani 91, ikiwa nzima, kwa kawaida haipati faida ya maana ukiinywesha 95. Kinyume chake, injini inayodai 95 ikipewa pungufu hugonga. Au, kama ina kifaa cha kuhisi mgongo huo, huchelewesha cheche ili ijiokoe, nayo nguvu hupungua na mafuta hutumika zaidi.

Kuna wakati dunia ililipia oktani kwa gharama kubwa. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua kwamba kiasi kidogo cha madini ya risasi katika petroli huzuia kugonga. Lakini risasi ni sumu, na moshi wake ulidhuru hasa akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiondoa katika petroli ilipofika mwaka 2006. Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kwa petroli ya magari, iliacha mwaka 2021.

Ufanye nini, basi? Kwanza, soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo ndani ya kifuniko cha tangi. Kwa gari lililotoka Japani, tafuta mtu akusomee: neno "haioku" lina maana ya oktani kubwa. Angalia pia namba za Marekani, kwani hesabu yao ni tofauti: 87 yao ni karibu sawa na 91 ya kwetu.

Pili, gari likigonga mlimani, rudi gia ndogo na upunguze kukanyaga mafuta. Likiendelea, mwambie fundi akague plagi, majira ya cheche, masizi ndani ya silinda na joto la injini. Tatu, jihadhari na petroli ya magendo. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, na petroli iliyochanganywa nayo huigongesha hata injini nzima.

Ipe injini yako kile ilichoundiwa, si zaidi wala si pungufu. Fedha itakayobaki ina kazi nyingi nyumbani.